Siku Mama Jokudu Alipokataa Kuketi

Msicheke nikisema nimestaafu. Najua sina mvi hata moja, na magoti yangu bado yananipandisha ngazi za hoteli za mtaa wa Hai Amarat nikiwa nimebeba masanduku ya sauti. Lakini kazi inaweza kustaafu kabla ya mtu wake. Yangu ilistaafu siku mafundi walipoleta barazani meza mpya, kila meza na maiki yake, kitufe chake na taa yake nyekundu. Niliitazama ile taa ikiwaka, nikasema moyoni, kalas, Kiden, imeisha. Miguu yako haina kazi tena humu ndani.

Maana kazi yangu ilikuwa kubeba maiki. Basi. Katika ukumbi wa baraza la jiji, hapa Juba, diwani akiitwa jina mimi ndiye niliyempelekea maiki, na akimaliza naichukua nampelekea mwingine. Mkiniuliza elimu, niliacha shule kidato cha pili kule Kenya tulikokuwa wakimbizi, nikarudi nyumbani na Kiswahili kingi na Kiarabu cha Juba cha kuokoteza. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Bado nataka. Watu walinionea huruma: ati mtu anaota kutangaza, anapewa kubeba maiki ya wengine! Mimi nilijiona nimeshafika mlangoni, kilichobaki ni kuambiwa karibu.

Nawaandikia ninyi mnaokaa sasa nyuma ya ile meza ya vitufe, mnaowasha na kuzima maiki zote kwa kidole, na mwingine yeyote anayetaka kazi karibu na watu wakubwa. Nitawaambia ninayoyajua. Na nitawasimulia habari ya daraja la kina Mama Jokudu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini vile vitufe vinanitia wasiwasi.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Okello, Mganda wa Gulu, aliyekuja Juba kupiga muziki wa harusi akaishia kuwa fundi wa sauti wa baraza. Mitambo aliiunga mwenyewe, na jenereta la baraza alilijua kama mtu anavyomjua mbuzi wake mkorofi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, mimi iko, wewe iko, lakini sikumbuki neno lake hata moja lililonipita bila kulielewa.

Wiki yangu ya kwanza Meya alikuja kuulizwa maswali. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima. Nikamwona Meya anakohoa kidogo, anarekebisha tai. Nikadhani anataka kusema. Mbio, nikampelekea maiki! Naye, mtu wa watu, alipoiona iko chini ya kidevu akaanza kujibu. Alijibu swali la taa za barabarani vizuri sana, kwa mifano, mpaka mwisho. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa ameliuliza. Diwani mwenye swali alikuwa bado ameketi na karatasi yake, mdomo wazi.

"Mwenyekiti!" akaruka. "Huyu msichana amekula swali langu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti wa baraza letu alikuwa mwalimu mkuu kabla ya siasa, na ualimu haukumtoka. Akagonga meza. "Basi liulize, tulisikie."

"Niulize nini tena, Mwenyekiti? Si ameshajibu!"

Nilitamani pazia linimeze. Baada ya kikao Okello akaniita kule nyuma kwenye jenereta. Nilijua nafukuzwa. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta, hana haraka.

"Dada. Ile maiki iko ya nani?"

"Ya baraza."

"Hapana."

"Yako?"

"Mimi natengeneza tu. Iko ya ile mtu Mwenyekiti naita jina yake. Kama Mwenyekiti hapana ita jina, maiki hapana na mwenyewe. Wewe nakaa na yeye kama mtoto ya jirani. Nachunga, nangoja mama yake nakuja."

Basi nikawa nachunga mtoto wa jirani, miaka.

Mengine nilijifunza kwa kutembea. Usipite mbele ya mtu anayesema, zunguka nyuma hata njia ikiwa ndefu. Usimpe mtu maiki iliyowaka, kwa sababu wengi hugeuka kwanza kumnong'oneza jirani, na nimesikia mambo ya nyumbani kwa watu yakitoka kwenye masanduku ya sauti. Mwenye sauti ya kuita ng'ombe mwambie aishushe mpaka kifuani. Mwenye sauti ya kuungama mwekee karibu na kidevu, ila si mdomoni, asije akaiogopa. Na ufute. Kila mkono ukipita, futa. Tulikuwa na mzee mmoja aliyetafuna karanga mpaka sekunde jina lake linapoitwa, na aliyefuata baada yake alikuwa akiniangalia mimi kwa jicho baya, si mzee.

Lakini kubwa kuliko yote, maiki hainyang'anywi. Ukitaka ikurudie unasimama ubavuni mwa mtu, unafungua kiganja, unangoja. Akimaliza ataiweka mwenyewe. Okello, mtu mpole vile, kwa hili tu alikuwa mkali. "Kama wewe navuta maiki kwa mkono ya mtu, umevuta ulimi yake."

Tuje kwenye bajeti.

Kila mwaka Meya huleta makadirio barazani: jiji litafanya nini, kwa fedha gani, wapi. Madiwani wanayapitia kifungu kwa kifungu. Nilidhani vifungu vikubwa ndivyo vinavyopigiwa kelele. Wapi! Kifungu cha mitaro ya mji mzima kilipita kimya kama watu wamelala, kwa sababu mtaro unahitaji mtu ajue mambo ya mtaro. Kifungu cha chai ya vikao ndicho kilichokula asubuhi nzima. Chai kila mtu anaijua. Kuna aliyetaka maziwa, kuna aliyetaka mandazi yatoke kwa akina mama wa mtaa wa Buluk badala ya hotelini, kuna aliyesema wananchi wanalala njaa na sisi tunajadili mandazi, na huyo ndiye aliyekula mengi saa nne ilipofika. Nilitembea siku ile mpaka soli ikafunguka.

Baada ya vifungu inakuja siku ya maswali. Meya anasimama mbele, na diwani aliyepeleka swali lake mapema anaitwa jina. Anauliza. Meya anajibu. Halafu diwani ana haki ya swali moja la nyongeza, moja tu, na hapo ndipo utaalamu ulipo. Swali la kwanza Meya amelisoma nyumbani, majibu yake yamepigwa pasi. La nyongeza hajaliona. Diwani mjinga analipoteza kwa kushukuru. Diwani mjanja analihifadhi kama mbegu.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo naipenda mpaka leo. Nadhani iliandikwa na watu waliowahi kukatizwa sana maishani. Diwani akishaitwa jina, akasimama, maiki ikawa mkononi mwake, kikao hakifungwi mpaka aketi au airudishe mwenyewe. Na anayeulizwa naye hasimami na kuketi anavyotaka. Anasimama mpaka mwenye swali amalize.

Sasa ongezeni mvua. Ukumbi wetu uliezekwa kwa mabati matupu, bila dari. Mvua ya Juba ikipiga yale mabati huwezi kumsikia mtu aliye kwenye goti lako. Karani anaweka kalamu chini. Kisichosikika hakiandikwi, na barazani kisichoandikwa hakijasemwa. Basi Mwenyekiti anaahirisha. Siku ya kawaida si neno. Lakini siku ya mwisho ya mjadala wa bajeti, maswali yakikatwa na mvua yamekufa, kesho yake ni kura tu. Kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo siku hiyo kuna madiwani walioangalia saa, na kuna walioangalia dirishani.

Mama Jokudu aliangalia dirishani.

Alikuwa diwani wa mtaa ulio ng'ambo ya khor. Ninyi mliokulia kwingine, khor ni mkondo ule unaokauka kiangazi mpaka watoto wanacheza mpira ndani, na masika unafura kwa muda mfupi kama mtu aliyetukanwa. Shule iko upande huu, nyumba ziko upande ule. Kabla ya udiwani Mama Jokudu aliuza mboga sokoni, na barazani aliongea vile vile alivyouza mboga, bila kuinua sauti na bila kupunguza bei. Alikaa na wajukuu. Mkubwa wao, Poni, masika yaliyotangulia alijaribu kuvuka akitoka shule, maji yakamchukua. Vijana wa boda walimdaka chini kidogo, kwenye mti ulioanguka. Alikuwa hai. Begi lilikwenda, kiatu kimoja kilikwenda.

Daraja la pale lilikuwa limeshapitishwa kwenye bajeti ya nyuma. Mjenzi alichelewa, mvua zikamkuta, fedha zikarudi kwenye kapu la jiji. Na katika makadirio mapya daraja halikuwemo. Mahali pake palikuwa na malori ya taka.

Nisiwadanganye, Meya hakuwa mtu mbaya. Taka zilikuwa taka kweli, mji ulikuwa unanuka, na kila siku watu walimpigia kelele za taka. Hakuna aliyempigia kelele za khor, kwa sababu waliokuwa ng'ambo ya khor, mvua ikinyesha, hawakuweza kuja.

Mama Jokudu alipeleka swali lake mapema kama inavyotakiwa. Likapangwa la mwisho.

Siku yenyewe iliamka na jua, lakini kufikia mchana wingu lilikuwa limekaa upande wa mto, jeusi tii. Mwenye swali la kabla ya mwisho alikuwa diwani tuliyemwita Mheshimiwa Salamu. Ni jina la ukumbini, kwao ana lingine. Alikuwa hawezi kuuliza jambo kabla hajasalimia, na hasalimii kwa jumla. Alianza na Mwenyekiti, akaja kwa Meya, akaja kwa madiwani kwa mitaa yao, akawakumbuka akina mama, vijana, viongozi wa dini na waliotangulia mbele ya haki. Wengine walisema alitumwa kula muda. Mimi niliyembebea maiki nasema hapana, alikuwa hivyo hata mazishini.

"Ya akui, ndugu yangu," Mama Jokudu akamwambia kutoka kitini, bila maiki, ukumbi wote ukasikia, "wafu wamesikia. Uliza!"

Akauliza. Meya akajibu kwa kirefu. Upepo ukaingia dirishani ukageuza karatasi za karani.

Ndipo Mwenyekiti akaita jina la Mama Jokudu. Nilitembea haraka kuliko siku zote, nikizunguka nyuma kama inavyotakiwa, nikamwekea maiki mkononi. Akauliza swali lake la kwanza, lile lililoandikwa: daraja limekwenda wapi. Meya akalijibu kama alivyolipiga pasi, kwamba mahitaji ya jiji ni mengi, kwamba daraja halijasahauliwa, kwamba litaangaliwa awamu ijayo.

"Swali la nyongeza, Mama," Mwenyekiti akasema, nami nikamrudishia maiki.

Mama Jokudu akainua maiki, akafungua mdomo, na mvua ikaanguka.

Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote, kama lori la kokoto limemwagwa juu ya mabati. Niliona midomo ya Mama ikisema neno, sijui neno gani mpaka leo. Karani akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akangoja kidogo, akatazama juu, akatazama saa, akafanya ile ishara yake ya kufunga daftari. Madiwani wakaanza kukusanya vitu. Meya akapumua.

Mama Jokudu hakuketi.

Mwenyekiti akamwonyesha kwa mkono, keti Mama. Mama akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekataa chakula kwa adabu. Mwenyekiti akaonyesha mabati. Mama naye akayaangalia mabati, kama kusema nayaona. Maiki kifuani, kwa mikono miwili.

Ndipo Mwenyekiti akanigeukia mimi, akanifanyia ishara ambayo kila mtu ukumbini aliielewa. Kachukue.

Wadogo zangu, nilikwenda. Mshahara wangu ulitoka kwake, si kwa Mama. Nilikwenda kwa kuzunguka nyuma, nikasimama ubavuni mwake, nikafungua kiganja kama nilivyofundishwa. Nikangoja. Mama akakitazama kiganja changu. Akaihamishia maiki mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akanishika.

Akanishika, hakuniachia. Mkono wake ulikuwa wa baridi na unatetemeka, na mpaka saa ile sikujua kama anaogopa. Usoni hakuna aliyeona. Basi tukasimama hivyo, diwani na mbeba maiki, tumeshikana mikono mbele ya baraza zima kama watoto wanaovuka barabara. Ningeweza kuuvuta wangu. Sikuuvuta.

Na kwa kuwa Mama alikuwa amesimama na maiki, kikao kilikuwa hakijafungwa. Na kwa kuwa kikao hakijafungwa, Meya naye ilibidi asimame. Mwenyekiti, mwalimu yule, alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akakifunga, akaegemea kiti. Waliokwisha inuka wakarudi vitini mmoja mmoja.

Taa zikacheza. Zikafifia, zikarudi. Nikajua ni jenereta. Kibanda chake kilivuja siku zote, na likizimika, mvua hata ikiisha hakutakuwa na maiki wala taa, na hapo Mwenyekiti ana sababu halali. Kupitia mlango wa nyuma nikamwona Okello. Alikuwa amepanda juu ya tofali, amelitandazia jenereta turubai kwa mikono miwili, maji yanamshukia shingoni. Aliponiona akapiga kelele, nikaona midomo tu. Baadaye aliniambia alichosema: "Mimi iko hapa kama kuku nalalia mayai! Ambia watu naharakisha!"

Mvua ilichukua muda. Siwezi kuwaambia kiasi gani. Meya alihamisha uzito mguu wa kulia, akahamisha wa kushoto. Akashika kiuno. Mtu mmoja akamletea maji, akayanywa akiwa amesimama. Mara moja macho yake na ya Mama yalikutana, na Meya akatabasamu kidogo, tabasamu la kusema mama, wewe ni mtu mgumu. Mama hakutabasamu.

Kisha ikaanza kupungua. Kwanza nikasikia mtu akikohoa. Halafu nikasikia viti. Karani akachukua kalamu.

"Mama," Mwenyekiti akasema, "uliza sasa kabla haijarudi."

Najua alikuwa na hotuba. Nilimwona akiisomea ukutani asubuhi. Hakuitoa. Akainua maiki mpaka kidevuni, akasema kwa Kiarabu chetu cha Juba, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

"Mheshimiwa Meya. Umesimama mvua yote. Miguu inauma?"

Watu wakacheka. Meya naye akacheka. "Inauma, Mama. Sikufichi."

"Na mimi yangu inauma. Watoto wetu wanasimama hivi ukingoni mwa khor kila mvua, wanangoja maji yashuke. Mkubwa anaweza kungoja. Mtoto mwenye njaa anachoka, anaingia. Wangu aliingia. Swali langu ni dogo. Mwaka huu nao wasimame?"

Msaidizi wa Meya wa mambo ya fedha akamvuta koti, akimwonyesha karatasi. Meya hakuitazama. Nikazunguka na maiki kumpelekea, kwa maana Mama alikuwa ameshaniwekea kiganjani mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi.

"Hapana," Meya akasema. "Wasisimame."

"Iandikwe," Mwenyekiti akamwambia karani.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kura tu, kama kawaida. Lakini jibu la Meya lilikuwa limeandikwa, na juu ya jibu lililoandikwa diwani anaweza kuleta marekebisho. Yakaja. Lori moja la taka lingoje mwaka mwingine, daraja lirudi. Hawakukubali wote. Wa mitaa ya upande wa Bilpam walisema na kwao taka zimefika madirishani, na walisema kweli. Mikono ikahesabiwa. Ilikuwa karibu sana, na Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kutangaza kuwa imeshindikana wakati mkono wa Mheshimiwa Salamu ulipopanda, taratibu, mpana, kama anamsalimia mtu wa mbali.

"Unapiga kura au unasalimia?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Vyote, Mwenyekiti."

Likapita.

Mimi niliitwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai, ile iliyojadiliwa. "Kiden, wewe ni mfanyakazi wa baraza, au ni binti wa Mama Jokudu?"

"Nilifungua kiganja, Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekishika."

Akaniangalia kwa macho ya mwalimu mkuu. "Kiganja kilichoshikwa kinaweza kuvutwa."

"Fundi Okello anasema hatuvuti."

Akanywa chai yake. "Nenda," akasema. "Na mwambie Okello aombe fedha za paa la kile kibanda. Aandike. Asimame nayo kama ni lazima."

Sasa ninyi mna kitufe. Siwaonei wivu, ni kitu kizuri, hakina jasho na hakina karanga. Lakini sauti ya mtu inakatwa kwa kidole kimoja, kutoka mbali, bila kumkaribia hata kuona kama mkono wake unatetemeka. Mimi ili nimnyamazishe mtu ilibidi nitembee mpaka alipo, nisimame naye bega kwa bega, nimwombe. Ndiyo tofauti. Mkiambiwa zima, na mtaambiwa, inukeni kwanza mumtazame. Kama bado amesimama, acheni taa iwake.

Daraja lilijengwa kiangazi kilichofuata. Ni jembamba, reli moja imepinda kwa sababu ya lori la mchanga, na pikipiki mbili haziwezi kupishana bila kutukanana. Mmelipita wengi wenu bila kujua. Ila kabla halijajengwa kulikuwa na jioni ile ya kura, nayo ndiyo nataka niwaachie.

Mvua ilikuwa imenyesha tena mchana. Mama Jokudu alitaka kwenda nyumbani kuwaambia wajukuu, akaniomba nimsindikize, akasema leo nahitaji shahidi. Tulipofika khor ilikuwa imejaa, maji ya matope yanakimbia na matawi. Hapakuvukika. Ng'ambo, mbele ya nyumba, tuliwaona watoto wamesimama mlangoni, Poni katikati na wadogo kila upande, wanamtazama bibi yao.

"Tumepata!" Mama akapiga kelele. "Daraja! Tumepata!"

Maji yalikuwa yanaunguruma. Poni akaweka mkono sikioni.

"Da-ra-ja!" nikapiga na mimi, kwa sauti yangu yote ya utangazaji. Kwa mara ya kwanza maishani nilihitaji maiki ya kwangu mwenyewe.

Poni akatikisa kichwa, hasikii. Mama Jokudu akatupa mkoba chini, akainua mikono yote miwili juu, akaipunga, akairusha mbele kuonyesha upande huu na upande ule, akacheza kidogo, mtu mzima, matope mpaka vifundoni.

Watoto walimwangalia. Poni akasema kitu kwa wadogo. Halafu, bila kelele, akawashika mikono, akawaingiza ndani wote, akafunga mlango.

Mama akabaki mikono juu.

"Wamedhani unawafukuza waingie ndani, wasikaribie maji," nikamwambia.

Akashusha mikono. Akautazama ule mlango uliofungwa, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akanishika bega asianguke.

"Kila siku nawaita nakauka koo," akasema. "Leo ndiyo wanatii!"